Kisu cha Mfukoni Kikukae Mkononi: Mwongozo Kamili wa Kukirekebisha Nyumbani

Shika kisu chako cha kukunja kama unayechonga kijiti, dole gumba likiwa juu ya mgongo wa bapa. Chonga kwa dakika kumi, kisha tazama dole gumba. Kama kuna mstari mwekundu umedidimia kwenye ngozi, kisu hicho bado hakijawa chako. Kiwandani mgongo huachwa na kona kali, mpini hupewa unene mmoja kwa viganja vyote, na skrubu hukazwa kwa kipimo kimoja. Kazi ya nyumbani ni kukileta kisu kwenye kiganja chako, na hiyo ndiyo kazi nitakayoieleza hapa. Rangi na mapambo yapo pia, lakini yanakuja baada ya kiganja kuridhika.

Neno moja kuhusu sheria kabla ya kushika bisibisi. Nchi nyingi zina sheria za kubeba visu, na mara nyingi huangalia urefu wa bapa, kama kuna loki, yaani kizuizi kinacholishika bapa lisijifunge likiwa wazi, na jinsi bapa linavyofunguka. Uingereza, kwa mfano, inaruhusu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja kisicho na loki ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Kikiwa na loki, ruhusa hiyo haipo. Rekebisho la kuongeza loki au springi ya kufyatua bapa laweza kugeuza kisu halali kuwa haramu, nami sina hata moja la namna hiyo hapa.

Kisu gani kinafaa

Tazama ubavuni. Ukiona skrubu, kinafunguka na kurudi kilivyokuwa, na ndicho kizuri kuanzia. Skrubu nyingi za visu vya sasa zina shimo la nyota yenye ncha sita, saizi T6 kwa zile ndogo na T8 au T10 kwenye mhimili, yaani ile skrubu kubwa ambayo bapa linazunguka juu yake.

Ukiona ribiti zilizogongwa, usikifungue. Ribiti ikishatolewa hairudi, na kugonga mpya bila bapa kulegea au kukwama ni ufundi wa miaka. Hata hivyo, kisu cha ribiti bado unaweza kukilainisha kona, kukipa rangi bapa na kukinoa.

Kuna aina mbili zinazomfaa sana anayeanza. Ya kwanza ni Opinel, kisu cha Kifaransa kilichobuniwa na Joseph Opinel mwaka 1890. Mpini wake ni kipande kimoja cha mbao, kwa hiyo unauchonga kwa tupa na msasa unavyotaka bila kufungua chochote. Pete yake ya kufunga bapa iliongezwa mwaka 1955. Izungushie tepu usiikwaruze. Ya pili ni visu vya Victorinox vyenye mabamba ya plastiki yanayofunika mbavu za mpini. Mabamba hayo hushikiliwa kwa kubanwa tu juu ya vichwa vya ribiti vilivyojificha chini yake, kwa hiyo unaweza kuyabandua na kubandika mengine. Kiloweke kisu kwenye maji moto kwa dakika chache (yasichemke, plastiki hupinda), kisha ingiza kitu chembamba kisicho kikali kwenye ukingo na uinue taratibu.

Usianze na kisu ulichorithi. Anza na cha bei ndogo ambacho hutalia kikiharibika.

Meza na vifaa

Unahitaji bisibisi za saizi sahihi, za chuma kizuri. Bisibisi laini hula kichwa cha skrubu, na skrubu iliyoliwa kichwa ndiyo huwakatizia wengi kazi. Ongeza tupa ndogo, msasa wa namba 220, 400, 600, 1000 na 2000, kalipa ya kupimia, jiliwa lenye taya zilizovikwa ngozi au mbao, tepu ya karatasi, spiriti, mafuta mepesi ya mashine, kinoo, na trei nyeupe yenye kingo. Trei ni muhimu kuliko inavyoonekana: kuna visu ambavyo bapa hushikwa lisifunguke mfukoni kwa kigololi kidogo kuliko punje ya mtama, na kigololi hicho kikidondoka sakafuni umekipoteza.

Kisha zungushia makali tepu ya karatasi, tabaka mbili au tatu, kuanzia mwanzo wa kazi hadi siku ya kunoa. Kunoa ni kazi ya mwisho kabisa. Kisu kikali unachokigeuzageuza mezani kitakukata, si suala la umakini.

Kufungua kisu

Piga picha kila upande kabla ya kugusa skrubu, kisha moja kila unapotoa kitu. Skrubu za mpini zaweza kutofautiana urefu kwa milimita moja tu, na ile ndefu ikirudi mahali pa fupi inachungulia ndani na kulikwaruza bapa.

Skrubu ikikataa, usiilazimishe. Viwanda vingi hutia gundi ya skrubu, nayo hulainika kwa joto. Weka ncha ya pasi ya kulehemu yenye moto juu ya kichwa cha skrubu kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha jaribu tena huku ukisukuma bisibisi chini kwa nguvu na kuzungusha polepole. Utaisikia ikiachia kwa mlio mdogo mkavu.

Mhimili utoke mwisho. Bapa likitoka utaona washa mbili, moja kila upande, za shaba au za plastiki nyeupe. Angalia zimekaa upande gani, kwa kuwa washa ya shaba iliyozoea upande mmoja imekwisha kujipatanisha nao. Visu vingine vina vigololi vidogo ndani ya kizimba badala ya washa. Hivyo usivitoe kwenye kizimba chao.

Osha kila kitu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, futa kwa spiriti, kausha. Washa za shaba zikiwa na mikwaruzo, ziweke juu ya msasa wa namba 2000 uliotandazwa kwenye kioo, bonyeza kwa kidole kimoja, na uzizungushe kwa umbo la nane mara ishirini hivi kila uso. Usizidishe, maana unene wao ndio unaoweka bapa katikati ya mpini. Hatua hii ndogo hubadilisha kisu kuliko rangi yoyote: bapa lililokuwa likikwaruza likifunguka litaanza kuteleza.

Kuna mahali pasipoguswa kwa tupa wala msasa: msuka wa bapa, yaani kile kisigino kilichomo ndani ya mpini, hasa uso wake unaokutana na loki, pamoja na uso wa loki yenyewe. Nyuso hizo zimekatwa kwa mshazari uliopimwa. Ukizisugua kidogo tu loki inaweza kuanza kuteleza, na bapa litajifunga juu ya vidole vyako ukiwa unakata. Loki mbovu hairekebishwi mezani nyumbani. Kisu cha namna hiyo acha kukitumia.

Mgongo na kona

Turudi kwenye ule mstari mwekundu. Bana bapa kwenye jiliwa, mgongo juu, makali yakiwa ndani ya tepu. Chukua msasa wa namba 400, ukate mkanda wa upana wa sentimita mbili, uushike ncha zote mbili na uuvute juu ya mgongo kama anayesugua kiatu kwa kitambaa. Mkanda hujikunja wenyewe na kula kona zote mbili kwa usawa. Baada ya dakika kumi badili, weka namba 600, halafu 1000. Mgongo ukianza kung'aa na ukucha ukapita bila kunasa, inatosha.

Fanya hivyo hivyo kwenye kingo za vibamba vya chuma vya ndani ya mpini, pale vidole vinapokunja, na kwenye klipu ya mfukoni ikiwa inachoma kiganja. Mara nyingi klipu ndiyo mkosaji. Kijaribu kisu bila klipu kwa wiki moja kabla ya kuamua kuchonga mpini.

Tumia mkono, usitumie mashine ya kusaga. Kisu changu cha kwanza nilikiharibu hivyo. Nilitaka kuondoa alama ndogo karibu na ncha, nikaigusisha kwenye gurudumu kwa sekunde chache. Ncha ikawa ya kahawia, ikageuka zambarau, ikaishia buluu mbele ya macho yangu. Niliinoa na ikakata vizuri siku hiyo, kesho yake baada ya kufungua maboksi mawili ilikuwa butu kabisa. Chuma cha kaboni hupata ugumu kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla, kisha hupashwa tena kidogo, kwa kawaida kati ya nyuzi 150 na 230 za Selsiasi, kisivunjike kama kioo. Rangi ya buluu hujitokeza karibu na nyuzi 300, kumaanisha ugumu umeshapungua pale. Kama lazima utumie mashine, shika bapa kwa vidole vitupu na ulichovye majini kila unaposikia joto.

Mabamba mapya ya mpini

Hapa ndipo kisu kinapopata sura yako, na hapa ndipo pa kwenda polepole. Nitaeleza mbao, kwa sababu husamehe makosa na hazihitaji mashine kubwa.

Chagua mbao ngumu, kavu, yenye nyuzi zilizokazana: mpingo, mzeituni, au mkongo. Nyuzi ziende kwa urefu wa mpini. Zikikatiza, bamba litavunjika kwenye tundu la skrubu. Mbao iliyotoka dukani iache ndani ya nyumba wiki mbili kabla ya kuikata, izoee hewa. Mbao inayokauka ikiwa imeshafungwa kwenye chuma hupinda na kuacha mwanya.

Pima bamba la zamani kwa kalipa: unene, kipenyo cha kila tundu, na kina cha shimo linalomeza kichwa cha skrubu. Andika. Kwa visu vingi unene uko kati ya milimita 3 na 4. Pasua mbao vipande viwili vyenye unene wa milimita moja zaidi ya unaotaka, na usugue uso mmoja wa kila kipande juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo hadi uwe bapa kabisa. Uweke juu ya kibamba cha chuma na uinue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kati yao, endelea kusugua.

Sasa bandika bamba la zamani juu ya kipande kipya kwa tepu ya gundi pande mbili, uso bapa wa kila kimoja ukiangalia upande mmoja. Chora ukingo kwa penseli kali na utie alama katikati ya kila tundu kwa kutumia ncha ya keekee yenye saizi ileile ya tundu, ukiizungusha kwa vidole tu. Bandua. Utabaki na alama safi zisizokosea.

Utobozi una mpangilio wake. Anza na shimo pana la kichwa cha skrubu, upande wa nje, kwa keekee yenye ncha bapa. Likifika kina chake, ndipo utoboe tundu jembamba katikati yake hadi upande wa pili. Ukianza na jembamba, keekee pana haitakuwa na cha kushikilia katikati na itayumba. Weka mbao chakavu chini ya kipande, vinginevyo upande wa kutokea utachanika. Kina cha shimo pana ndicho kipimo muhimu kuliko vyote. Likizidi, skrubu itatokeza ndani na kugusa bapa. Likipungua, kichwa kitabaki nje na nyuzi za skrubu zitakazoingia hazitatosha kushika. Acha mbao ya milimita moja na nusu hivi chini ya kichwa. Na keekee isimame wima: tundu la mhimili likilala hata kidogo, skrubu huvuta bapa upande mmoja.

Yafunge mabamba kwenye vibamba vya chuma kwa skrubu zake, bila bapa, kisha chonga umbo la nje yote mawili yakiwa pamoja. Tupa kwanza, ukiishia nusu milimita nje ya chuma, halafu msasa wa 220 hadi mbao na chuma viwe uso mmoja. Baada ya hapo zifanye kingo ziwe za mviringo. Usifuate mchoro sasa, fuata kiganja: funga macho, kamata mpini, tafuta pale panapokubana, tia alama ya penseli, ondoa kidogo, kamata tena. Mimi hurudia hivyo mara kumi na tano au ishirini, na sijawahi kujuta kwa kwenda polepole, maana mbao ikishaondoka hairudi.

Panda na msasa hadi namba 600. Lowesha mbao kwa kitambaa chenye maji kidogo, iache ikauke. Nyuzi zitasimama, uzisugue tena. Kisha paka mafuta ya kitani, subiri dakika kumi na tano, futa yaliyobaki juu, acha siku nzima. Rudia mara tatu au nne. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivifinyange na kuvitupa kwenye ndoo: hujipasha joto vyenyewe vikikauka na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vianike vimekunjuliwa nje, au vizamishe majini.

Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini wakati wote wa kusugua. Vumbi la mpingo na mbao nyingine ngumu huwasha pua na ngozi. Ikiwa umeamua kutumia G10, ambayo ni nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa epoksi, au nyuzi za kaboni, sugua kwa msasa wa maji pekee ili vumbi libaki kwenye tope, na ufute meza kwa kitambaa kibichi. Usifagie.

Rangi ya bapa

Chuma cha kaboni hubadilika rangi chenyewe kwa matumizi, na waweza kuharakisha. Chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu asilimia 10.5 au zaidi, hakitakubali siki, kwa hiyo soma alama kwenye bapa kwanza.

Safisha bapa kwa sabuni, kisha spiriti, na usiliguse tena kwa vidole. Alama ya kidole itabaki kwenye rangi. Pasha siki nyeupe hadi iwe ya moto lakini isichemke, uimimine kwenye glasi ndefu. Paka msuka na tundu la mhimili rangi ya kucha ili asidi isivifikie. Zamisha bapa. Utaona vipovu vidogo vikipanda, na baada ya dakika chache chuma kinaanza kuwa kijivu. Toa kila dakika tano, suuza, tazama. Dakika kumi na tano hadi ishirini hutosha. Mwishowe suuza kwa maji yenye soda ya kuokea ili kuua asidi, kausha mara moja, paka mafuta. Kijivu na cheusi ndivyo unavyotaka. Wekundu ni kutu, usugue kwa kitambaa chenye mafuta. Ukitaka michirizi, paka haradali kwa ncha ya kidole chenye glavu badala ya kuzamisha, iache ikauke, uioshe. Rangi hii hupunguza kasi ya kutu lakini haiizuii, kwa hiyo mafuta bado yanahitajika.

Kwa bapa lenye mikwaruzo mingi, la chuma chochote, kuna njia ya mawe: chupa ya plastiki nene, kokoto ndogo hadi nusu, maji na tone la sabuni. Funga msuka kwa tepu, tia bapa ndani, tikisa kwa dakika ishirini. Mikwaruzo ya zamani humezwa na alama elfu ndogo.

Titani na betri

Kama klipu au mabamba ni ya titani, unaweza kuyapa rangi bila rangi. Umeme huotesha tabaka jembamba la oksidi juu ya chuma, na unene wake ndio unaoamua mwanga gani unarudi kwenye jicho. Yeyusha kijiko cha chai cha soda ya kuokea katika nusu lita ya maji. Usitumie chumvi ya mezani, itatoa gesi ya klorini. Unganisha betri tatu za volti 9 kwa mfuatano upate volti 27. Upande wa chanya ushike titani, hasi ushike kipande cha karatasi ya alumini kilichomo majini. Visigusane. Futa titani kwa spiriti, vaa glavu za mpira, zamisha: buluu iliyokolea hutokea ndani ya sekunde chache. Betri mbili huelekea kahawia na zambarau, nne hutoa buluu nyepesi. Nne zinatosha, juu ya hapo volti zinaanza kuwa hatari mwilini. Fungua dirisha, na ukikosea sugua kwa msasa laini uanze upya.

Kufunga tena

Tone moja dogo la mafuta kila upande wa mhimili linatosha. Rudisha washa, bapa, mabamba. Skrubu za mpini zikazwe kwa vidole viwili tu, kwani nyuzi zake ni laini. Kwenye mhimili tia gundi ya skrubu ya buluu, kiasi cha ncha ya sindano, isimwagikie washa. Ile nyekundu haitoki bila moto mkali.

Kaza mhimili hadi bapa likatae kuyumba kushoto na kulia, kisha legeza robo ya robo ya mzunguko. Funga kisu, tazama juu: bapa likae katikati. Likiegemea upande mmoja, badilishana washa kabla ya kulaumu kitu kingine. Kwa loki, fungua kisu, weka vidole nje ya njia ya bapa, ukandamize mgongo juu ya ubao wa meza kwa nguvu ya wastani. Rudia mara kumi. Ikisogea hata mara moja, fungua uangalie kama kuna mafuta au chembe ya mbao usoni mwa loki.

Makali

Sasa ondoa tepu. Kwa kisu cha mfukoni pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande inafaa. 15 kwa karatasi na matunda, 20 kwa mbao na maboksi. Usikisie kwa macho. Pima upana wa bapa kutoka makali hadi mgongo: bapa la milimita 20 likilala nyuzi 20, mgongo wake huinuka milimita 6.8 juu ya kinoo. Likilala nyuzi 15, milimita 5.2. Kata kipande cha mbao chenye unene huo, uweke mgongo juu yake kabla ya kila msururu wa misuguo, mkono utazoea.

Paka makali wino wa kalamu nene, pitisha mara mbili kwenye kinoo cha namba 400, tazama. Wino ukitoka juu tu, karibu na bega, yaani pale mteremko wa makali unapoanzia, umelaza mno. Ukitoka ukingoni tu, umeinua mno. Ukishaipata pembe, noa upande mmoja hadi usikie kwa kidole, ukivuta kutoka mgongoni kwenda nje, ukingo mdogo wa chuma uliojikunja upande wa pili kwa urefu wote. Bila ukingo huo hujafika kwenye makali, hata ukinoa saa nzima. Geuza, fanya vivyo hivyo, kisha hamia namba 1000 kwa misuguo mepesi ya kupokezana, ukipunguza nguvu hadi ibaki uzito wa kisu chenyewe. Malizia kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta kwa kutanguliza mgongo, mara ishirini kila upande.

Chukua karatasi ya gazeti, ishike kwa ncha ya juu, ukate kuanzia mwanzo wa makali karibu na mpini hadi ncha. Pale inapochanika badala ya kukatika, bado kuna ukingo uliojikunja; rudi kwenye namba 1000 sehemu hiyo tu. Ikishapita bila kelele, chukua tena kile kijiti na uchonge dakika kumi.